Jamkhed ilitangulia Alma-Ata
Hapana, ndugu unayesema kwamba wahudumu wa afya wa vijijini walianza na Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lile tamko la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi: Dkt. Rajanikant Arole hakulisubiri ndipo awape wanawake wa vijijini kazi hiyo. Yeye na mkewe, Dkt. Mabelle, walianzisha mradi wao wa afya huko Jamkhed, nchini India, mwaka 1970. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, na baadhi walitoka katika tabaka lililohesabiwa najisi, lakini walifundishwa kuzalisha, kupima uzito wa watoto na kuchanganya maji, chumvi na sukari kwa anayeharisha. Niliyasoma hayo nilipokuwa nikiwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Mpwapwa, ambako mizani tuliitundika kwenye tawi la mbuyu. Ila China ilikuwa na madaktari pekupeku wake, yaani wanakijiji waliopewa mafunzo mafupi ya tiba, hata kabla ya hapo.