Mwajiri alipe ankara, asisome faili

Tangu nilipoandika kuhusu waajiri wanaowalipia ushauri nasaha watu wa zimamoto, polisi, wahudumu wa magari ya wagonjwa na wapokea simu za dharura, barua zimekuwa nyingi. Nusu yake zinauliza jambo lile lile nililokwisha kulijibu: nikimweleza mshauri yangu, mkubwa wangu atajua? Nalijibu tena hapa chini, kwa kirefu, na baada ya leo atakayeliuliza nitamrudishia barua yake.

Shikamoo mama. Idara imetuletea mshauri nasaha. Nikimweleza yangu, mkuu wa kituo atajua? (Mzimamoto, miaka 9 kazini)

Marahaba. Inategemea umekaa mbele ya nani, na hapo ndipo wengi wenu mnapojikwaa. Kuna watu wawili wanaofanana kwa kila kitu: wote wana cheti ukutani, wote wana sauti ya upole, wote wana boksi la tishu mezani. Wa kwanza ni mshauri wako. Mwajiri anamlipa, lakini mteja ni wewe, na kinachotakiwa kurudi kwa mwajiri ni idadi ya vikao tu. Wa pili ni mtathmini. Ametumwa na mwajiri aangalie kama unafaa kurudi kazini, na ripoti anayoandika ni ya mwajiri. Si mtu mbaya, ila si wako. Kabla hujavuta kiti, uliza: "Ripoti ya leo inaandikwa? Inakwenda kwa nani?"

Wanaodhani siri ni hisani waiangalie kesi ya Jaffee dhidi ya Redmond. Mwaka 1991, askari polisi wa mji mmoja katika jimbo la Illinois, Marekani, alimpiga mtu risasi akiwa kazini, akamuua. Baadaye alikwenda kwa mshauri, vikao kama 50, na mshauri mwenyewe alikuwa mwajiriwa wa mamlaka ile ile ya mji iliyomwajiri askari. Familia ya marehemu iliposhtaki, mawakili wake wakataka madokezo ya vikao. Askari na mshauri wakagoma. Jaji akaliambia juri, yaani raia waliochaguliwa kuamua kesi, kwamba linaweza kuchukulia kuwa yaliyomo yangemuumiza askari, na juri likatoa fidia ya dola 545,000. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1996 majaji 7 kwa 2 wakaamua kwamba mazungumzo hayo yanalindwa, hata kama mtoa tiba ni ofisa ustawi wa jamii mwenye leseni na si daktari. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba pasipo siri watu hawatafungua midomo.

Uamuzi ule ni wa mahakama za shirikisho za Marekani. Sheria ya kwenu ina maneno yake. Lakini tazama kilichomkinga yule askari: leseni ya aliyekaa naye. Mwenzako wa zamu aliyepewa mafunzo ya siku chache ya kusikiliza wenzake ni mtu wa maana sana, wala simdharau. Ngao hiyo, hata hivyo, hana mpaka sheria impe. Mweleze habari ya usingizi. Tukio lenye kesi mahakamani mweleze mwenye leseni.

Siri nayo ina mipaka: uhai wako ukiwa hatarini, uhai wa mwingine, mtoto anayeumizwa, amri ya mahakama. Mshauri anatakiwa akutajie haya kabla hujasema lolote.

Na hili hukuliuliza. Niliwahi kukaa kwenye mkutano ambapo ripoti "isiyo na majina" ilioneshwa ukutani: kituo fulani, watumiaji 2, sababu: pombe. Kituo kile kilikuwa na watu 6. Mkutano haujaisha, macho ya watu yalikuwa yameshatua pale yalipotua. Idadi ndogo ni jina. Ripoti ijumlishe idara nzima, au isitolewe.

Kweli ni bure?

Si bure, umeshalipa kwa macho yako. Orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani, ilivyorekebishwa mwaka 2010, inautaja kwa jina msongo baada ya kiwewe (PTSD), yaani ndoto, hofu na kumbukumbu zisizokwisha baada ya tukio la kutisha. Hakuna anayesema buti za kuingilia motoni amepewa bure.

Baada ya ajali mbaya, kesho yake tunakusanywa chumbani, kila mmoja aeleze aliona nini na alijisikiaje. Nikikataa naonekana mkaidi. Mama, nikatae? (Mhudumu wa gari la wagonjwa)

Kataa, kwa adabu.

Mtindo huo una historia na nia yake ilikuwa njema. Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kuwa mzimamoto na mhudumu wa dharura, aliueleza mwaka 1983. Una hatua 7, kutoka kilichotokea, hadi ulichowaza, hadi kilichokuuma zaidi. Ulienea kwa sababu ni mwepesi kuupanga na mkubwa anaweza kusema "tumefanya kitu". Kisha watafiti wakaupima. Uchambuzi wa mwaka 2002 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, uliokusanya majaribio ya kikao kimoja cha namna hiyo, haukuona kwamba kinazuia msongo baada ya kiwewe. Kabla yake, mwaka 2000, watafiti wa Uingereza waliowafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka 3 waliona kwamba waliokuwa na dalili kali mwanzoni na wakapitishwa kwenye kikao walibaki na hali mbaya kuliko wenye dalili kama zao ambao hawakupitishwa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2013: kisitumike kama kinga.

Watetezi wake wanajibu kwamba majaribio yale yalifanywa kwa majeruhi mmoja mmoja, si kwa kikosi kilichozoeana. Hoja hiyo ina uzito. Haitoshi kumlazimisha mtu.

Usichanganye na kikao cha kazi, kile cha kuuliza hose ipi ilichelewa na redio ipi ilikata. Hicho nenda, na sema. Ila akitokea mtu katikati akauliza "na wewe, moyoni ulijisikiaje?", mwambie utajibu siku nyingine.

Badala yake? Siku ya kwanza mtu aoge, ale, asiendeshe gari peke yake kurudi nyumbani, apigiwe simu na mtu anayempenda. Wengi hupoa wenyewe. Baada ya mwezi mmoja, mtu aulizwe tena, faraghani, na hapa ndipo idara nyingi hulala. Wiki ya kwanza kila mkubwa anakushika bega. Wiki ya tano, ndoto zingali zinakuja, hakuna anayekumbuka hata tarehe ya tukio.

Tumepewa vikao 6 kwa mwaka. Vinatosha?

Kwa ugomvi na mkuu wa zamu, vinatosha. Kwa msongo baada ya kiwewe ni mlango tu. Tiba zenye ushahidi zinazogusa kiwewe chenyewe kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 12, na waliobeba matukio mengi huhitaji zaidi. Sasa piga hesabu: cha kwanza fomu, cha pili historia ya maisha, cha tatu ndiyo unaanza kumwamini. Cha nne unafungua kidonda, na cha sita unaambiwa kwaheri, kidonda kiko wazi. Kabla ya cha kwanza uliza kwa maandishi: vikao vikiisha naongezewa, napelekwa kwa nani, na huko nani analipa?

Uliza pia amewahi kuwatibu watu wa kazi yetu. Mshauri wangu wa kwanza, niliyetafutiwa na mwajiri, nilimsimulia ajali moja tu, tena niliyoichagua kwa kuwa ilikuwa nyepesi. Akalia. Nikamsogezea tishu zake mwenyewe, nikamwambia pole, nikamtuliza mpaka saa ikaisha. Sikurudi kwa miaka 4. Siku hizi nawaambia: mkiona mnamlinda mshauri asisikie, badilisheni mshauri. Si utovu wa adabu.

Mimi napokea simu tu, sijawahi kufika kwenye tukio. Wenzangu wa magari wananicheka nikisema siwezi kulala. Nina haki ya huduma hii?

Unayo, tena wanaocheka hawajawahi kukaa kwenye kiti chako. Mtoto anakuhesabia mikandamizo kwenye kifua cha baba yake, moja, mbili, tatu, nawe unahesabu naye. Unasikia mlango, unasikia viatu, wenzako wameingia, simu inakatwa. Taa ya simu nyingine inawaka. Aliamka au hakuamka, hutaambiwa. Wa gari angalau aliuona mwisho. Wewe mwisho unautunga mwenyewe, usiku, na huwa hutungi mzuri.

Kitaalamu swali lako lilishajibiwa. Toleo la 5 la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, lililotoka mwaka 2013, linatambua kwamba kukutana mara kwa mara na undani wa mambo ya kutisha kwa sababu ya kazi kunaweza kuleta msongo baada ya kiwewe. Halidai uwe umesimama pale.

Mkuu wako wa chumba cha simu mwombe kitu kisichogharimu chochote: mtu wa gari akirudi kituoni, apige akuambie iliishaje, kama utataka kujua.

Mimi ni polisi. Nikisema nawaza kujiua, watanipokonya silaha?

Kwa muda, ndiyo, na ningekuwa karibu nawe ningeichukua mimi. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda kwa kasi na kushuka, na anayebaki hai mara nyingi ni yule ambaye wimbi lilimkuta silaha iko mbali. Kama wazo hilo liko nawe sasa hivi, acha kusoma. Mpe mtu silaha, usikae peke yako, piga simu ya dharura ya nchini kwako.

Cha kupigania na chama chenu ni kingine: utaratibu ulioandikwa wa kukurudishia silaha na zamu yako ukipata nafuu, na maneno ya wazi kwamba kuomba ushauri peke yake si sababu ya kumwondoa mtu kazini. Pasipo karatasi hiyo, mtakaa kimya na mtazikana.

Tunasimamia watumishi 300. Tumenunua huduma, miezi 8 imepita, wametumia watu 4. Inaonekana hawaihitaji. Tuifute? (Ofisa rasilimali watu)

Hii nimeisoma nimesimama.

Mwaka 2018 shirika la Beyond Blue la Australia lilitoa matokeo ya utafiti wa watu 21,014 wa polisi na huduma za dharura, waajiriwa na wa kujitolea. Mtu 1 kati ya 3 alikuwa na mfadhaiko mkubwa au mkubwa sana, wakati kwa watu wazima wa nchi ile ilikuwa 1 kati ya 8. Watu wako si Waaustralia, sawa. Lakini ukinionesha 4 kati ya 300, sioni watu wenye afya njema. Naona watu wanaokuogopa.

Nikuulize. Chumba cha mshauri kiko wapi, au ndiyo kile kinachotazamana na ofisi ya mkuu? Saa zake ni za ofisini, na watu wako wanatoka zamu alfajiri? Mtu akitaka kwenda katikati ya zamu, anamwomba ruhusa nani, na anasema anakwenda wapi? Bango lenye namba ya simu limebandikwa wapi, pembeni ya orodha ya waliochelewa? Na mkuu wa kituo, yeye amekwenda hata mara moja na akasema hadharani kuwa amekwenda?

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini haianzii kwenye simu ya ushauri. Inataka mameneja wafundishwe, inataka kazi yenyewe ipangwe upya, na wahudumu wa dharura inawataja kwa namna yao. Orodha ya magonjwa ya kimataifa iliyoanza kutumika mwaka huo huo inaueleza uchovu wa kazi uliopitiliza kuwa ni jambo la kazini, si ugonjwa wa mtu. Ukimpa mtu zamu ya saa 24, ukamwongezea nyingine kwa kuwa mwenzake anaumwa, kisha ukamlipia saa moja ya kuzungumza, mshauri atakachogundua ni kwamba mtu hajalala.

Usiifute. Itoe ofisini kwako, uipe saa za usiku, na muda wa kikao uuhesabu kuwa ni muda wa kazi. Baada ya mwaka niandikie.

Sisi wa kujitolea tunahusika?

Mnatakiwa kuhusika. Maiti haikuulizi kama una mshahara. Kama mkataba wa idara unasema "waajiriwa" pekee, hilo ni neno la kubadilishwa kabla haujasainiwa upya.

Dada yangu, mume wangu ni mzimamoto. Halali, kila tukitoka anachagua kiti kinachotazama mlango, mtoto akiangusha kitu anaruka. Nikimtajia mshauri anasema hiyo ni kazi ya wanawake. Nifanyeje?

Pole, mdogo wangu. Usimburute, na usimvizie akiwa ametoka zamu. Mwambie ulichokiona na si ulichokihukumu: "Wiki hii umeamka usiku mara tano, nimekusikia." Kisha nyamaza. Mara nyingi anayewafungua ni mwenzao wa zamu, si mke, kwa hiyo kama kuna mmoja anayemheshimu aliyewahi kwenda, huyo ndiye wa kumtuma.

Wewe je? Mikataba mingi ya namna hii inawahudumia wenzi na watoto, na hakuna anayewaambia. Unaweza kwenda wewe, bila ruhusa yake na bila yeye kuwa tayari. Tafuta karatasi ya huduma, soma sehemu ya wategemezi. Na kama kuna mkono umeinuliwa ndani ya nyumba, hilo ni jambo lingine kabisa: ondoka kwanza, uniandikie baadaye.

Mama, naomba namba yako nikueleze yangu pembeni, kazini wasijue.

Hapana. Mimi nina safu. Sina faili lako, na hakuna sheria inayonizuia kusimulia utakayoniambia. Kama humwamini mshauri wa kazini, tafuta mwenye leseni na ulipie kikao kimoja kwa mfuko wako. Barua yako, uliyoandika jina kamili, namba ya kituo na jina la mkuu wako, nimeichana.