"Sina weledi": nimeambiwa sijui kazi, au sina staha?

SWALI: Msimamizi wangu ameandika kwenye tathmini yangu kwamba "sina weledi", kwa sababu siku moja nilimjibu mteja kwa ukali. Kosa hilo nalikubali. Lakini kazi hii nimeisomea na nimeifanya miaka minane. Weledi si ujuzi? Au siku hizi ni tabia? Na wingi wa mweledi ni weledi au waweledi?

JIBU: Ndugu yangu, una haki ya kuudhika. Neno hilo sasa lina maana mbili. Msimamizi alikusudia moja, wewe ukapokea nyingine, na uliyoipokea ndiyo kongwe zaidi.

Katika kamusi, weledi ni ujuzi: mweledi ni mtu anayelijua jambo na kulimudu. Kwa maana hiyo, kumwambia mtu hana weledi ni kumwambia hajui kazi yake. Maofisini na kwenye vyombo vya habari neno limepanuka, likabeba pia mwenendo wa mtu kazini: kutunza siri, kuheshimu muda, kuzuia hasira, kukiri kosa kabla hujabanwa. Upanuzi huo siupingi, maana pengo lilikuwepo na neno limeliziba vizuri. Ila haujakamilika, na ushahidi tunao midomoni. Mara ngapi umesikia watumishi wakihimizwa kufanya kazi "kwa weledi na uadilifu"? Weledi ungekuwa umekwisha kumeza mwenendo mwema wote, uadilifu usingehitaji kutajwa pembeni yake. Wasemaji wenyewe bado wanahisi kuna kitu kimebaki nje.

Ndiyo maana "hana weledi" naiona sentensi mbovu kwenye tathmini. Sarufi yake ni safi, lakini haitaji kosa. Ningeandika hivi: "Alimjibu mteja kwa ukali, jambo lililo kinyume cha maadili ya kazi." Hapo unajua ulichokosea na cha kurekebisha, na miaka yako minane haijaguswa. Mwombe msimamizi aandike hivyo. Si ombi kubwa.

Wengine, wakitaka kutaja mwenendo kazini, hukimbilia neno utaalamu badala ya weledi, na hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Mchukue mhasibu anayefunga hesabu bila kukosea hata senti, kisha akatoka na kusimulia mishahara ya wenzake. Utaalamu anao, tena wa kupigiwa mfano. Alichovunja ni miiko ya kazi. (Neno mwiko nalipenda sana hapa: halihitaji maelezo, kila mtu anajua kwamba mwiko hauguswi.) Kwa sababu hiyo hiyo, "barua isiyo ya kitaalamu" haina maana ikiwa unalalamikia lugha chafu, hiyo ni barua isiyo na staha. Na "mavazi ya kitaalamu" humfanya msomaji afikirie helmeti na glavu, wakati mwandishi alitaka tu watu wavae nadhifu.

Ajabu yenyewe ni kwamba mtaalamu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu anayejifunza. Shina lake ndilo la elimu, taaluma na mwalimu. Tumelipandisha cheo hadi likawa la mtu aliyebobea, na hivyo ndivyo linavyotumika leo.

Michezoni nako, usimwite mchezaji mweledi kwa sababu tu kucheza ndiyo ajira yake. Huko tuna "mchezaji wa kulipwa", kinyume chake "wa ridhaa", na maneno hayo yanatosha kabisa.

Sasa wingi. Kivumishi ni -eledi, nacho hufuata njia ya -ema: mtu mwema, watu wema, mtu mweledi, watu weledi. Kiambishi wa- kikikutana na e, tunapata we-. Waweledi utalisikia sana, lakini lina wa- mbili, kama vile mtu angesema "watu wawema". Tatizo ni kwamba u- nayo ikikutana na e hutoa we- hiyo hiyo, kwa hiyo weledi ni watu na weledi ni sifa yao. Upatanisho ndio unaokutoa gizani: "weledi wamefika" ni watu, "weledi wake umeonekana" ni sifa. Ukiona sentensi bado inayumba, andika "watu weledi" uendelee na kazi.