Mgeni mpe jembe, ufunguo wa ghala usubiri

Kikundi cha gemu kinachojitawala, kiwe klani (timu ya kudumu ya wachezaji) ya watu 15 au seva ya Minecraft, gemu ya kujenga, yenye watu 100, kikikaa kuandika kanuni za kupokea wageni huanza na swali lisilojibika: mtu mwema tutamjuaje? Fomu inarefushwa, usaili unaongezwa, na mwizi anapita vilevile, maana mwizi ndiye anayejibu fomu vizuri kuliko wote. Anzeni upande wa pili. Orodhesheni kila kitu ambacho mwanachama anaweza kukiharibu, kukichukua au kukifuta, kisha amueni kila kimoja kitafunguliwa lini, na nani atakifungua.

Orodha hiyo kwa kawaida haifiki vitu kumi: kuandika, kuzungumza kwa sauti, kuona ratiba ya mechi, kujenga na kubomoa, kualika wengine, kuchukua mali ya hazina ya pamoja, kupiga kura, kumfukuza mtu, na kushika nenosiri la seva. Vitatu vya mwanzo vinaweza kutolewa siku ya kwanza. Kujenga kuanzie kwenye eneo lenye mipaka. Viwili vya mwisho havihusiani kabisa na kupokelewa. Hivyo vinapatikana kwa uchaguzi, hata kama mtu amekaa miaka mitano.

Historia ya EVE Online, gemu ya mtandaoni ya vyombo vya angani, inaonyesha sababu. Mwaka 2005 kikundi kiitwacho Guiding Hand Social Club kilipenyeza watu wake ndani ya “kampuni” (ndivyo klani zinavyoitwa humo) ya wachezaji wengine, wakakaa humo miezi mingi wakipanda vyeo, kisha siku moja wakaitekeleza hujuma: wakamshambulia mkuu wa kampuni hiyo na kukomba maghala. Februari 2009 muungano mkubwa wa Band of Brothers ulivunjwa na mkurugenzi wake mmoja aliyehamia kwa wapinzani wao, Goonswarm. Cheo chake kilimruhusu kuufuta muungano peke yake, akaufuta. Kipindi cha majaribio cha siku 30 kwa wageni kisingemnasa yeyote kati ya hao. Kilichokosekana ni kanuni kwamba hakuna ufunguo mmoja unaoweza kufuta kila kitu.

Basi fomu iwe fupi. Maswali matano yanatosha: jina unalotumia kwenye gemu, saa unazocheza, kikundi ulichotoka na kwa nini ulitoka, nani hapa anakufahamu, na swali moja la tukio. Saa ziandikwe kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, maana “saa mbili usiku” ya nani? Swali la tukio ndilo lenye faida kubwa: “Umekuta sanduku lililojaa vitu, mwenyewe hajaonekana wiki tatu. Utafanya nini?” Jibu linaonyesha kama mtu amesoma kanuni, na linaonyesha pia anavyofikiri. Wengine huficha neno la siri katikati ya kanuni na kumtaka mwombaji alitaje. Hila hiyo hufanya kazi mpaka mtu wa kwanza atakapomnong'oneza rafiki yake.

Msiombe kitambulisho, picha ya uso wala namba ya simu. Hamna uwezo wa kuvihakiki, na siku akaunti ya msimamizi ikidukuliwa mtakuwa mmewaanika watu wenu. Kuhusu umri, Discord, jukwaa la mazungumzo linalotumiwa na wachezaji wengi, lenyewe linataka angalau miaka 13, na baadhi ya nchi zinataka zaidi; kanuni yenu isishuke chini ya hapo. Fomu za waliokataliwa zifutwe baada ya siku 30.

Kura ndiyo inayovunja vikundi vingi. Kanuni ya “wote wakubali” inasikika ya haki, lakini pigeni hesabu. Chukulieni kwamba kila mwanachama, kwa sababu zake mwenyewe, angempinga mwombaji mmoja katika 20. Wapiga kura wakiwa 20, mwombaji wa kawaida ana nafasi ya asilimia 36 tu ya kupita. Takribani 64 katika kila 100 watakataliwa bila kosa lolote. Kikundi kitazeeka, kisha kitakufa kimya. Upande mwingine, wingi wa kawaida unaruhusu watu 11 kuwaletea wenzao 9 mtu wasiyeweza kukaa naye. Njia inayodumu iko katikati: kura iwe wazi kwa saa 72, akidi iwe theluthi moja ya wanachama waliocheza ndani ya siku 30 zilizopita, apite anayepata theluthi mbili ya kura zilizopigwa, na pingamizi mbili zenye sababu zisimamishe shauri mpaka zisikilizwe. Pingamizi isiyo na sababu ihesabiwe kama kura ya hapana, basi. Aliyenyamaza hajapiga kura. Msimhesabu upande wowote.

Kura ya kubofya emoji haifai kwa jambo hili kwa sababu kila mtu anaona nani amebofya nini. Mgeni akipita atajua siku ya kwanza nani hakumtaka. Tumieni fomu isiyoonyesha majina, na watu wawili, asiwe mmoja, wahesabu.

Mdhamini, yaani mwanachama anayembebea mgeni dhamana, ni chujio zuri kuliko usaili, mradi adhabu yake ipimwe. Mwanachama mmoja asidhamini zaidi ya wageni wawili kwa wakati mmoja. Mgeni wake akiiba au akitumia programu ya udanganyifu ndani ya kipindi cha majaribio, mdhamini asiruhusiwe kudhamini kwa siku 90. Msimfukuze. Adhabu ikiwa nzito kupita kiasi, mdhamini atakuwa wa kwanza kuficha kosa la mtu wake, na mtakuwa mmejinyima jicho lililo karibu zaidi.

Majaribio yahesabiwe kwa vipindi vya kucheza pamoja: vipindi 8 ndani ya siku 45 ni kipimo cha haki kwa mwanafunzi na kwa mwenye kazi ya zamu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpeni kazi inayoonekana, kama kukusanya malighafi au kuandaa mechi moja ya mazoezi, mwone anavyopokea maelekezo na anavyoshindwa. Tarehe ya mwisho iandikwe siku anapoingia, pamoja na jina la mtu mwenye wajibu wa kuitisha kura. Bila jina hilo hakuna atakayekumbuka, na mgeni atabaki “wa majaribio” miezi minane mpaka achoke aondoke.

Hatari isiyoandikwa kwenye kanuni nyingi ni wageni wanaokuja kwa kundi. Marafiki sita wakiingia pamoja kwenye klani ya watu 15, hawahitaji kuiba chochote. Watapiga kura tu. Wapokeeni mmoja mmoja, wasizidi sehemu moja ya tano ya kikundi kwa mwezi, na haki ya kubadili katiba ianze siku 60 baada ya uanachama kamili. Vikundi viwili vikitaka kuungana, hilo ni suala la makubaliano kati ya pande mbili na lisipitishwe kwa fomu za wageni.

Sasa mitambo. Kwenye Discord, ondoeni kwa kila mtu ruhusa ya kutengeneza mialiko, kwa kuwa kwa kawaida huja ikiwa wazi, na kila kiungo kiwe cha matumizi 1, kiishe kwa siku 1. Kwenye seva ya Minecraft, ndani ya faili la mipangilio, server.properties, wekeni white-list=true (orodha ya walioruhusiwa kuingia) na enforce-whitelist=true; hii ya pili humtoa aliye ndani ambaye jina lake halimo orodhani pindi orodha inaposomwa upya. Hakikisheni pia online-mode=true. Ikiwa false, mtu yeyote anaweza kuingia kwa jina la mwanachama wenu, na orodha yote inakuwa pambo. Programu-jalizi ya CoreProtect huandika nani alibomoa nini na nani alichukua nini sandukuni, na inaweza kurudisha hali ya awali. Iwekwe kabla ya mgeni wa kwanza, kwa sababu haiwezi kurudisha isichokiandika. Kwenye gemu ya World of Warcraft hazina ya chama ina kikomo cha siku kwa kila cheo: wa majaribio wapewe sifuri.

Anayekataliwa ajibiwe ndani ya siku 7, kwa sentensi tatu: asante kwa kuomba, safari hii hatukuweza kukupokea, unaweza kuomba tena baada ya siku 60. Sababu itajwe pale tu inaporekebishika, kwa mfano saa zisizolingana. Sababu za tabia zikiandikwa huzaa mabishano ya usiku kucha na picha za skrini zinazosambaa.

Mwanachama wa zamani anayerudi apitie njia fupi: mdhamini mmoja, vipindi 3, cheo cha zamani kisirudi. Kabla ya hapo azungumze kwa sauti na mtu aliyewahi kucheza naye, kwa kuwa akaunti huuzwa na huibwa, na jina lililowahi kuaminika ndilo linalotafutwa zaidi na wanaonunua.