Kabla sijakwambia ipi ni zaidi

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza swali fupi: kati ya albamu mbili za deth metali, ule muziki wa roki wa mbio na mngurumo, yaani Altars of Madness ya bendi ya Morbid Angel na Left Hand Path ya bendi ya Entombed, ipi ni bora? Unataka kununua moja tu, na zote mbili umeshazisikiliza kwenye simu. Tuanzie hapo kwenye simu. Hilo la ubora lina wenyewe, litasubiri.

Left Hand Path ilirekodiwa Desemba 1989 katika studio ya Sunlight, Stockholm, fundi akiwa Tomas Skogsberg. Gitaa zake zilipita kwenye pedali ya Boss HM-2, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, ambacho kina vifundo vinne vya kuzungusha: kiasi cha sauti, rangi ya chini, rangi ya juu na distoshoni, yaani ukali wa kuikwaruza sauti. Entombed walivizungusha vyote mpaka vikagota. Rangi ya chini inanyanyua masafa ya karibu Hz 100, na rangi ya juu inanyanyua eneo la Hz 1,000 na kidogo zaidi. Spika ya simu masafa ya chini haiyawezi, inayatupa, halafu inakubakizia yale ya juu ambayo pedali imeshayachochea kupita kiasi. Ndiyo maana uliniandikia kwamba umesikia nyuki kwenye mzinga. Umesikia kifundo kimoja kati ya viwili vya rangi, basi. Tafuta hedifoni zinazofunika sikio lote au spika zenye wufa, ile spika kubwa ya besi, uzime kila kitu kinachojiita kuongeza besi, maana hicho nacho kinamwaga matope juu ya rangi ya chini ambayo tayari imejaa.

Ukishakuwa na spika za maana, ngoma kwanza. Unajua msimamo wangu, umeusikia tangu hujaanza shule: deth metali haisikilizwi kwa gitaa, inasikilizwa kwa ngoma. Sikio geni hukimbilia gitaa, likashindwa kushika rifu, kile kipande cha gitaa kinachorudiwa-rudiwa, likakata tamaa. Weka "Maze of Torment" kwenye Altars, fuata snea peke yake, ile ngoma ndogo yenye mlio mkavu. Pete Sandoval, mpiga ngoma wao, akiingia kwenye blasti, yale mapigo ya mbio kupindukia, snea na ngoma kubwa zinapishana haraka kiasi kwamba ukihesabu kila pigo utachoka kabla ya kufika popote. Usihesabu kila pigo. Gonga mguu kwenye kila pigo la nne la snea, na ghafla utaona kuwa chini ya mbio zile kuna mwendo wa taratibu, na rifu inabadilika juu ya huo mwendo wa taratibu. Mara ya pili, acha snea, fuata ngoma kubwa. Sandoval alilazimika kujifunza kupiga ngoma kubwa kwa pedali mbili, moja kila mguu, alipojiunga na Morbid Angel, na ukilijua hilo utasikiliza miguu yake kwa heshima nyingine. Mara ya tatu ndipo uruhusu gitaa.

Na "Immortal Rites" inapoanza, usifikiri faili imeharibika. Rifu ya mwanzo imegeuzwa kinyumenyume kwa makusudi, kisha inageuka na kusonga mbele. Albamu ile ilirekodiwa studio ya Morrisound, Tampa, Desemba 1988, ikatoka Mei 1989, na gitaa zake zimeshushwa nusu toni tu, yaani nyuzi zimekaza, kila noti ina ncha. Besi imejificha kidogo. Usiihangaikie siku ya kwanza.

Sasa nakujua, utasema: Mama, kama ngoma ndiyo kila kitu, mbona Left Hand Path inapendwa kwa ajili ya gitaa? Kweli, hapo hoja yangu inayumba. Nicke Andersson, mpiga ngoma wa Entombed, hategemei blasti. Anapiga mdundo wa panki, tupa-tupa, mikono yake imelegea, na mtu yeyote anaweza kuufuata bila kufundishwa. Kinachokushika kooni ni ule msumeno wa gitaa zilizoshushwa kutoka noti ya E mpaka B, nusu toni tano nzima. Basi labda ni gitaa kwanza? Hapana. Mpe rifu za "Drowned" mpiga dramu wa kupiga kwa kasi moja toka mwanzo mpaka mwisho uone zitakavyogeuka kelele. Andersson anajua lini apunguze, na akipunguza ndipo gitaa linapata nafasi ya kuonyesha uzito wake. Kwa hiyo bado ni ngoma. Ingawa sijui kama ningelisema hilo kwa sauti mbele ya mjomba wako.

Kuhusu sauti za waimbaji, usizifukuzie maneno. Sikiliza wanapovuta pumzi na wanapoikata silabi. David Vincent kwenye Altars anatafuna maneno upesi, yanadondoka sambamba na snea. Lars-Göran Petrov wa Entombed anayavuta, anakaa juu ya rifu. Mashairi utayasoma kwenye karatasi ya ndani baadaye.

Lakini kuna jambo moja ninalolishuku. Umesema wimbo wa "Left Hand Path" wenyewe "unaishia vibaya". Mwanangu, hujawahi kuusikia unavyoishia. Unaikumbuka santuri ya mjomba wako? Kabla hujaanza hata kutembea alikuja jirani akaiazima kwa sherehe, akairudisha bila ule mfuko wa ndani, na mkwaruzo umeukata wimbo wa kwanza karibu na dakika ya nne. Pale pale! Sindano ilikuwa ikifika hapo inarudi nyuma, inarudi nyuma, mpaka mjomba wako ananyanyua mkono na kuipeleka kwenye wimbo wa pili. Ukakua ukijua wimbo unaishia hapo. Na hata juzi kwenye simu, naapa uliruka kwa mazoea. Jirani yule alisema ni vumbi tu. Vumbi! Mpaka leo nikiona mtu ameshika santuri kwa vidole katikati ya mifereji, damu inanichemka.

Kwenye huo mkwaruzo ndipo kilipokuwa kitu chenyewe. Mbio zinakatika, kasi inashuka, na gitaa linashika melodia iliyotokana na muziki wa filamu ya Phantasm ya 1979, polepole, juu ya ule ule msumeno. Wimbo una zaidi ya dakika sita na nusu, wewe umeishi na nne za kwanza. Kausikilize wote, bila kuruka.

Umegusia pia kwamba ile HM-2 ya mjomba wako unayo, na kwako inatoa "kelele tu". Bila shaka umeiingiza kwenye amplifaya iliyokwisha kuwekwa distoshoni. Usirundike distoshoni juu ya distoshoni. Mpigo unapoteza umbo, noti zinazopigwa pamoja zinakuwa ukungu. Weka amplifaya kwenye chaneli safi, au iliyochafuka kidogo sana, ndipo ufungue vifundo vyote vinne. Kiasi cha sauti kikiizidi nguvu amplifaya, punguza hicho peke yake. Watu wengi hupunguza rangi ya juu kwa sababu ukipiga peke yako chumbani inachoma masikio. Kisha wanakwenda mazoezini, dramu na besi zinaingia, na gitaa halisikiki. Ule ukali unaokukera chumbani ndio unaokutoa katikati ya matoazi.

Nyuzi ulizonazo, zinazoanzia unene wa inchi 0.009, hazifai kwa gitaa lililoshushwa mpaka B. Zitalegea, na ukizipiga kwa nguvu noti inapanda kwanza ndipo inarudi mahali pake, kwa hiyo gitaa litasikika halijatyuniwa hata kama mashine inasema limetyuniwa. Funga seti inayoanzia 0.012 hadi 0.056 au nene zaidi, na baada ya kuzifunga rekebisha daraja la gitaa, kwa sababu nyuzi nene zinahitaji urefu tofauti kidogo ili noti za juu shingoni zikae sawa. Shingo nayo itajikunja upya, ipe siku chache kabla hujaigusa. Ukinyamaza kupiga na pedali inaendelea kuvuma, hiyo ni tabia yake. Weka kifaa cha kukata kelele baada yake, au zungusha sauti ya gitaa mpaka sifuri katikati ya rifu, kwa mkono, kama wenye subira.

Unaponunua, angalia toleo. Zote mbili ni za kampuni ya Earache, na zote zimewahi kutolewa upya zikiwa na alama ya FDR, yaani sauti haikubanwa ili ionekane kubwa. Kwenye matoleo yaliyobanwa snea na gitaa vinasukumana mlango mmoja, na lile zoezi la kufuata snea litakushinda bila kosa lako. Majalada yasikuchanganye, yote mawili aliyachora Dan Seagrave.

Ipi bora, basi. Altars ina akili zaidi. Kila ukirudi kuna rifu hukuiona. Lakini akili si… Hapana, sisemi. Nina jibu, na limeniwasha tangu mstari wa kwanza wa barua hii, ila wewe umeipima albamu moja nzima na nyingine ikiwa imekatwa na jirani. Sikiliza kwanza wimbo ule mpaka unyamaze wenyewe, kisha nipigie. Usimpigie mjomba wako, yeye atakwambia Left Hand Path kabla hujamaliza kuuliza.

Mama yako