Walivaa, hawakuvalia

SWALI: Nimesoma kwamba kwenye mkutano wa APEC (ushirikiano wa kiuchumi wa nchi za Asia na Pasifiki) uliofanyika Hanoi, mwaka 2006, marais "walivalia magauni ya kitamaduni ya Kivietnamu". Mwanamume huvaa gauni? Na Walao, watu wa Laos, wanaopitisha nguo katikati ya miguu tuseme wamevaa nini?

JIBU: Gauni tumelitoa kwa Waingereza, na kwetu ni la mwanamke. Vazi lile ni áo dài, maana yake "nguo ndefu" tu: kola ya kusimama, vifungo vinavyoshukia upande wa kulia, mipasuo ubavuni, suruali ndani. Ukiliita kanzu ya mipasuo, sitakugombeza. Siku hizi Mvietnamu hushinda na shati na suruali. Kanzu hiyo huitoa kabatini siku za Tet, yaani mwaka mpya wao, na za arusi, na bwana arusi huongeza kilemba kilichokwisha kufungwa, cha kutia kichwani kama kofia.

Lakini kilichonichoma si gauni. Ni hilo "walivalia"! Nani kawaambia waandishi wetu kwamba kuvaa hakutoshi? Kupikia ni kumpikia mtu, au kupikia mahali. Kuvalia nako vivyo hivyo: suti ya kuvalia arusini, viatu vya kuvalia kazini. Anayelivalia jambo njuga amezifunga njuga mguuni kwa ajili ya jambo hilo. Hapo "-lia" inakula jasho lake. Sasa "bwana arusi amevalia suti", amemvalia nani? Ukiwaachia, kesho watakuandikia "bwana arusi alilia pilau", nawe uanze kumtafutia leso. Kisha "aliendea gari", "alinywea chai", mpaka kila kitenzi kiwe na mkia. Najua nimeshashindwa: watangazaji wanalisema, wajukuu zangu wanalisema, na juzi mimi mwenyewe lilinitoka mbele ya watu. Nilikohoa.

Haya, Walao. Neno tunalo, zuri, tumelisahau: wamepiga uwinda. Ncha za nguo husokotwa pamoja, zikapitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma kiunoni. Arusini huendana na shati jeupe na kitambaa cha kupitisha begani. Jioni nyumbani, Mlao akishajifunga salong yake ya mirabaraba akaoge, hapo huna haja ya kuniandikia. Huo ni msuli.