Kuhusu wanawake wa Italia ya zamani

Hapana ndugu yangu, hiyo ya kusema wanawake wa Italia enzi za yule mwanasayansi Galileo na baada yake walikuwa wanakaa tu kuchorwa na wachoraji sio kweli kabisa. Mcheki Camilla Erculiani, mama wa duka la dawa pale mji wa Padova, mwaka 1584 akatoa kitabu cha barua kuhusu maumbile, akaeleza gharika ya Nuhu kwa sababu za kiasili, na kitabu chenyewe kilichapwa Kraków huko Poland sio kwao, halafu baadae kanisa likamuita likamhoji kwa sababu ya hayo mawazo. Yaani muuza dawa anahojiwa kwa falsafa! Huyu ndio nampenda kuliko wote na watu hawamtaji.

Halafu Venezia kuna Moderata Fonte, aliandika mazungumzo ya wanawake saba bustanini wanajadili kwa nini wanaume wanawakandamiza, wanaingia mpaka kwenye nyota, dawa na wanyama. Alifariki 1592 akijifungua, kitabu kikatoka 1600.

Elena Cornaro Piscopia yeye alipata udaktari wa falsafa Padova 1678, alitaka wa teolojia ila askofu akagoma katakata eti ni mwanamke. Na Laura Bassi wa Bologna, 1732 alipewa udaktari na nafasi ya kufundisha ila mihadhara ya wazi chuoni wakambania, akawa anafundishia fizikia nyumbani kwake miaka na miaka mpaka 1776 wakampa uprofesa wa fizikia ya majaribio. Ukitaka kuwasoma, anza na huyo Erculiani.