Barua kwa mwanangu: Askofu Steere wa Mkunazini

Mwanangu,

Umeniuliza ilikuwaje Edward Steere, aliyesomea sheria London, akaishia kuwa askofu na kujenga kanisa la Mkunazini, Unguja.

Sheria aliiacha, akawa kasisi. Mwaka 1862 Askofu Mackenzie, kiongozi wa kwanza wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, alikufa kwa homa bonde la mto Shire, Malawi ya leo. Kasisi William Tozer akateuliwa kushika nafasi yake, Steere akafuatana naye. Bara iliwashinda kwa maradhi, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, aliifanya hapo, kabla hata ya uaskofu: kukaa na wenyeji na kuandika lugha yao. Mwaka 1870 vikatoka London kitabu chake cha sarufi na kingine cha hadithi za Waswahili. Mmisionari Krapf alikuwa ameshughulikia Kimvita kule Mombasa, lakini ulipofika wakati wa kusanifisha Kiswahili, ikachaguliwa lahaja ya Kiunguja, aliyoiandika Steere.

Tozer alijiuzulu kwa ugonjwa, Steere akawekwa wakfu Westminster Abbey tarehe 24 Agosti 1874. Jiwe la msingi la kanisa lilikwisha wekwa Krismasi ya 1873, penye soko la watumwa ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka huohuo.

Kazi ilikuwa kwenye paa. Boriti za mikoko hazizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Kanisa haliezekwi hivyo. Steere akapiga tao la zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, ukuta hadi ukuta. Tao la namna hiyo husukuma kuta nje, kwa hiyo hutaka kuta nene, na mbao za kulishikilia zikitolewa kabla zege halijakomaa, lote linashuka. Wako waliosema litaanguka. Lipo mpaka leo.

Ukiingia, tazama nguzo fupi karibu na kisima cha ubatizo: zimesimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini. Na safari alikuwa nazo kweli: mwaka 1875 alikwenda kwa miguu hadi Mwembe kwa Mataka, chifu wa Wayao, na 1876 akaongoza kundi la watu waliotolewa utumwani likielekea Nyasa, wakatulia Masasi.

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882. Ukimsikia mtu akimwita askofu wa kwanza wa misheni ile, mhesabie: Mackenzie, Tozer, kisha yeye.

Baba yako